Kidonge cha dermatomiositi na mkono wa anayepima

Miligramu 30 za kumeza, mara moja kwa siku, kwa wiki 52. Ndivyo dawa iitwayo brepositinibu ilivyojaribiwa kwa watu wazima wenye dermatomiositi, katika utafiti uliopewa jina la VALOR. Washiriki walikuwa 241, wakagawanywa makundi matatu: wa miligramu 30, wa miligramu 15, na wa plasebo, yaani kidonge kinachofanana na dawa yenyewe kwa rangi na umbo lakini ndani hamna dawa. Matokeo yalitangazwa Septemba 2025. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa kwenye miligramu 30 walikuwa na wastani wa alama 46.5 za nafuu. Waliokuwa kwenye plasebo walikuwa na 31.2.

Habari nyingi huishia kwenye namba hizo mbili, na mimi naona hapo ndipo pa kuanzia. Alama hizo anazitoa nani? Zinahesabiwaje? Na mtu aliyemeza kidonge kisicho na dawa amefikaje 31? Kwenye magonjwa haya ya misuli, kutengeneza kidonge ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo imeshaangusha majaribio kadhaa, ni kupima.

Kwanza ugonjwa wenyewe, kwa ufupi. Katika dermatomiositi kinga ya mwili inashambulia ngozi pamoja na misuli iliyo karibu na kiwiliwili: mabega, nyonga, shingo. Mgonjwa anashindwa kuanika nguo kwenye kamba, kuchana nywele, kuinuka kwenye kigoda. Kope zinaingia rangi ya zambarau, vifundo vya vidole vinaota magamba. Wengine hupaliwa chakula, wengine hupata shida ya mapafu. Tiba huanza na prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kwa kipimo kikubwa, kisha huongezwa methotreksati, azathioprini au mikofenolati ili prednisoloni ipunguzwe. Kuna pia dripu ya kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangiaji damu, ambayo Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 2021. Kipimo chake ni gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya wiki 4. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu 120 kila mwezi, akiwa amelazwa au amekaa kwenye kiti cha dripu siku mbili hadi tano. Ukishaona ratiba hiyo, huhitaji kuelezwa kwa nini kidonge kimoja cha kumezea nyumbani kinasubiriwa kwa hamu.

Sababu ya kuchagua dawa ya aina hii iko kwenye kemia ya ugonjwa. Virusi vinapoingia mwilini, seli hutoa intaferoni za aina ya kwanza ili kuzitahadharisha seli jirani. Kwa mgonjwa wa dermatomiositi tahadhari hiyo inaendelea kutolewa hata pasipo virusi, na athari zake zinaonekana kwenye damu, kwenye ngozi na kwenye kipande cha msuli kinachochukuliwa kwa uchunguzi. Intaferoni hizo zinapogusa seli, ujumbe hupitishwa ndani na vimeng'enya viwili, JAK1 na TYK2. Brepositinibu inavizuia vyote viwili. Kwa hiyo dawa inalenga njia ileile ambayo ugonjwa unapita, na hilo ni jambo zuri. Ila njia hiyohiyo ndiyo mwili unayoitumia kuzuia mkanda wa jeshi na kuidhibiti TB iliyolala, na hapo ndipo madhara yake yanapotokea.

Kabla ya VALOR palikuwa na majaribio madogo ya dawa za familia hiyo. Moja linalotajwa sana lilifanyika Johns Hopkins, Marekani, kwa tofasitinibu ya miligramu 11 kwa siku. Wagonjwa walikuwa 10, muda wiki 12, na wote 10 walifikia kiwango cha nafuu. Inafurahisha, lakini hapakuwa na kundi la plasebo, na huko mbele tutaona kwa nini bila kundi hilo namba 10 kati ya 10 inabaki kuwa dalili njema tu.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Uchunguzi wa kuingia kwenye utafiti kwa kawaida huchukua wiki nne hivi, na hapo ndipo wengi huondolewa. Swali la kwanza ni kama ugonjwa ni huo kweli. Udhaifu wa misuli unaweza kuletwa na tezi ya shingo, dawa za kushusha mafuta kwenye damu, magonjwa ya kurithi ya misuli, au prednisoloni yenyewe. Mtu wa aina hiyo akiingizwa, dawa haitamsaidia hata ikiwa nzuri kiasi gani, na matokeo yake yatashusha wastani wa kundi zima. Upele wa kawaida wa dermatomiositi, kingamwili maalumu kwenye damu na kipande cha msuli husaidia kuthibitisha. Kipande kikihitajika, kikatwe upande ambao haukuchomwa sindano za kupima umeme wa misuli, kwa sababu sindano hizo huacha majeraha yanayofanana na ugonjwa.

Swali la pili ni saratani. Dermatomiositi ya watu wazima hufuatana na saratani kuliko inavyotokea kwa bahati, hasa kwa wenye kingamwili za TIF1-gama na NXP2. Kumpa mtu dawa ya kudhoofisha kinga wakati ana uvimbe ambao haujagunduliwa ni kosa lisilosameheka, kwa hiyo kifua, tumbo, matiti na mlango wa kizazi huangaliwa mapema.

Kisha maambukizi. Hupimwa homa ya ini B na C, VVU na TB, pamoja na picha ya kifua. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki hili la TB si la kupitia haraka, kwani watu wengi wanaishi na vijidudu vilivyolala bila kuugua. Mwenye TB iliyolala huanza tiba ya kuzuia, na mara nyingi husubiri angalau mwezi mmoja kabla ya kumeza dawa ya JAK. Mtego uko kwenye uchaguzi wa tiba. Dawa za jamii ya rifampisini, ikiwemo rifapentini inayotumika kwenye tiba ya wiki 12, huamsha kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4, ambacho huvunja dawa nyingi. Tofasitinibu ikimezwa pamoja na rifampisini, kiasi chake mwilini hushuka kwa takriban 84%. Mgonjwa anameza kila siku, vidonge vinahesabiwa na vinatimia, na bado ni kama hajameza kitu. Isoniazidi peke yake haina tatizo hilo, lakini inaweza kusumbua ini, na hapo unaingia mkanganyiko mwingine.

Mkanganyiko wenyewe ni huu: vimeng'enya vya ALT na AST, ambavyo maabara nyingi huviweka chini ya kichwa cha vipimo vya ini, vimo pia ndani ya misuli. Msuli unapoharibika vinamwagika kwenye damu. Wagonjwa wa miositi, yaani magonjwa ya uvimbe wa misuli kama dermatomiositi, wamewahi kuzungushwa miezi kadhaa wakitafutiwa ugonjwa wa ini ambao hawana. Kwenye utafiti, protokali, yaani utaratibu wake ulioandikwa, ikisema kila mwenye ALT mara tatu ya kawaida aondolewe, utawaondoa walewale wagonjwa hasa unaowataka. Njia ya kutenganisha ni GGT na bilirubini, vipimo vingine vya ini: GGT haitoki kwenye msuli. ALT ikiwa juu, CK (kimeng'enya cha misuli) ikiwa juu, na GGT iko sawa, tazama msuli kwanza.

Damu nayo ina mipaka. Kwa tofasitinibu, mwongozo ni kutoanza ikiwa himoglobini iko chini ya gramu 9 kwa desilita, au chembe nyeupe ziko chache: nyutrofili chini ya 1,000 au limfosaiti chini ya 500 kwa kila milimita ya ujazo. Chanjo ziishe kabla. Chanjo hai, na ya homa ya manjano imo, hazitolewi mtu akiwa kwenye dawa hizi, kwa hiyo anayetarajia safari inayodai cheti cha homa ya manjano alizungumze mapema na daktari. Wanawake wanaoweza kushika mimba hupimwa ujauzito na kutakiwa kutumia uzazi wa mpango wa uhakika.

Mwisho, dawa za awali hazikatishwi. Prednisoloni huwekwa kwenye kipimo kisichobadilika kwa wiki nne hivi kabla ya kuanza, mara nyingi isizidi miligramu 20 kwa siku, na dawa nyingine nazo zinabaki zilivyo. Sababu ni ya utu na ya kisayansi pamoja. Huwezi kumwacha mgonjwa wa ugonjwa huu mwaka mzima bila tiba yoyote kwa sababu tu kura ya kompyuta imemwangukia plasebo. Na kipimo cha prednisoloni kikipandishwa wiki moja kabla ya kuanza, nafuu itakayoonekana baada ya wiki nne itapewa jina la dawa mpya.

Misuli minane, alama 150

Kipimo cha nguvu kinachotumika kinaitwa MMT8. Hakina mashine. Mpimaji, mara nyingi mtaalamu wa fiziotherapia, anamwambia mgonjwa ashikilie kiungo katika mkao fulani, kisha anasukuma kwa mkono wake. Misuli ni minane: ya kukunja shingo, ya bega, ya mbele ya mkono wa juu, ya kuinua kiganja, msuli mkubwa wa tako, wa pembeni ya nyonga, wa mbele ya paja, na wa kuinua wayo. Kila mmoja hupewa 0 hadi 10. Ukipima kulia na kushoto, shingo ikihesabiwa mara moja tu, jumla ni 150.

Alama 10 ni kwa anayeshikilia mkao dhidi ya msukumo mkubwa. Nane ni msukumo wa wastani, sita ni mdogo. Tano ni yule anayeweza kuweka kiungo mahali pake bila kusukumwa, lakini ukiongeza chochote kinashuka. Nne, kinashuka polepole chenyewe. Kati ya 5 na 10, basi, hakuna kingine kinachoamua isipokuwa hisia ya mkono wa mpimaji.

Makosa yanayojirudia yanajulikana. La kwanza ni mahali pa kusukuma. Bega hupimwa mkono ukiwa umenyooshwa pembeni usawa wa bega, na mpimaji husukuma juu kidogo ya kiwiko. Akisukuma kwenye kifundo cha mkono, anapata urefu maradufu wa wenzo na bega lenye nguvu ya 8 litaonekana 6. Wiki ya kwanza mpimaji asukume kwenye kiwiko, wiki ya 12 asukume kwenye kifundo, na mgonjwa aliyepata nafuu ataandikwa amerudi nyuma. La pili ni kushtua. Msukumo uongezeke polepole kwa sekunde mbili tatu; ukisukuma kwa ghafla hata mtu mwenye afya anaachia.

La tatu ni mwili wa mgonjwa kujitafutia njia. Msuli wa pembeni ya nyonga hupimwa akiwa amelala ubavu na kuinua mguu wa juu. Akiwa dhaifu, bila kukusudia anageuza nyonga nyuma kidogo na kuinua kwa misuli ya mbele ya paja. Mguu unapanda, alama inapanda, na msuli uliokusudiwa haujafanya kazi. Mpimaji aweke mkono mmoja kwenye nyonga na kuizuia isigeuke. Msuli wa tako hupimwa mgonjwa akiwa amelala kifudifudi, goti likiwa limekunjwa ili misuli ya nyuma ya paja isisaidie. Kwa msuli wa mbele ya paja, mgonjwa aliyekaa asiegemee nyuma.

Na mpangilio una maana. Ukimgeuza mgonjwa huku na huko, msuli wa mwisho utapimwa akiwa amechoka. Maliza vyote vya kukaa kwanza: bega, mkono wa juu, kiganja, paja, wayo. Halafu alale chali kwa ajili ya shingo, kisha ubavu mmoja na mwingine, kisha kifudifudi. Kila hudhurio lifuate mpangilio huohuo, saa ileile ya siku kadiri inavyowezekana, na mpimaji awe yuleyule mwanzo hadi mwisho. Asioneshwe alama alizoandika mara iliyopita, wala majibu ya maabara. Mtu akijua kwamba CK imeshuka, mkono wake utasukuma taratibu bila yeye kujua.

Jinsi 46.5 inavyopatikana

Alama za nafuu zinazotajwa kwenye matokeo hutoka kwenye vigezo vilivyokubaliwa na vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Marekani na Ulaya mwaka 2016. Vinachanganya vitu sita na jumla yake ni 0 hadi 100. MMT inaweza kuleta hadi 32.5. Tathmini ya daktari kuhusu ugonjwa kwa ujumla hadi 20, na dalili za nje ya misuli, kama ngozi na mapafu, hadi 20 nazo. Tathmini ya mgonjwa mwenyewe hadi 10, dodoso la shughuli za kila siku hadi 10, na kimeng'enya cha misuli hadi 7.5. Kuanzia 20 ni nafuu ndogo, kuanzia 40 ni ya wastani, kuanzia 60 ni kubwa.

Tufanye hesabu moja kamili. Mgonjwa alianza na MMT ya 120, sasa ana 138. Ongezeko ni 18 kati ya 150, sawa na 12%. Hiyo inampa alama 20. Daktari alikuwa ameandika 6 kati ya 10, sasa anaandika 3: mabadiliko ya 30%, alama 17.5. Mgonjwa mwenyewe kutoka 7 hadi 5: 20%, alama 5. Dodoso la shughuli, lenye kipimo cha 0 hadi 3, limeshuka kutoka 1.5 hadi 1.0: karibu 17%, alama 7.5. CK ilikuwa mara 4 ya kikomo cha kawaida, sasa iko kwenye kikomo. Kwa CK kipimo chote huchukuliwa kuwa mara 15, kwa hiyo amepata 20%, alama 5. Dalili za nje ya misuli kutoka 5 hadi 3: 20%, alama 12.5. Jumla ni 67.5, nafuu kubwa.

Sasa angalia ngazi zake. Kwenye MMT, ongezeko linalozidi 2% hadi kufikia 10% linalipwa alama 10. Likizidi 10% hadi 20%, linalipwa 20. Mgonjwa huyo aliyeanza na 120 angefika 135, ongezeko lingekuwa 10% kamili na angepewa 10. Akifika 136, anapewa 20. Alama moja tu ya MMT, yaani mkono kuamua kwamba bega la kushoto ni 8 badala ya 7, imebadilisha jumla kwa alama 10. Tofauti ya wastani kati ya dawa na plasebo kwenye VALOR ilikuwa 15.3. Kwa wagonjwa wengi makosa ya namna hiyo huenda pande zote mbili na kufutana, lakini yanatawanya alama, na mtawanyiko huo unalipwa kwa idadi ya wagonjwa. Chukua mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko huo, wa 28: ili uwe na nafasi ya 90% ya kuiona tofauti ya alama 15, unahitaji takriban watu 74 kila kundi. Upimaji wa ovyo ukiupandisha hadi 35, unahitaji 115. Kwa ugonjwa adimu kama huu, hao 41 wa ziada kwa kila kundi ni miaka ya kutafuta.

Kuna pia suala la dari. Tafiti nyingi hudai mgonjwa awe na MMT isiyozidi 142 hivi. Aliyeingia na 142 akapona kabisa na kufika 150 ameongeza 8, ambayo ni 5.3%, na atalipwa alama 10 tu. Aliyeingia na 110 akafika 150 atapata 27.5. Wote wamepona sawa. Ndiyo maana wastani wa alama ukiwa wa chini usihukumu haraka kwamba dawa ni dhaifu. Tazama kwanza washiriki walianzia wapi. Jambo jingine ambalo mimi binafsi silipendi: kigezo kimoja kikizorota hakikatwi alama, kinapewa sifuri tu. Mtu anaweza kuwa na ngozi iliyoharibika zaidi na bado akahesabiwa kuwa na nafuu kwa sababu ya misuli. Soma daima matokeo ya ngozi peke yake.

Kwa nini plasebo inafika 31

Kwenye utafiti wa dripu ya kingamwili uitwao ProDERM, wenye wagonjwa 95, waliofikia angalau nafuu ndogo ifikapo wiki ya 16 walikuwa 79% kwa dripu ya dawa na 44% kwa dripu ya plasebo. Karibu nusu ya wasiopewa dawa! Hakuna aliyedanganya. Watu huingia kwenye utafiti ugonjwa ukiwa umepamba moto, na ugonjwa unaopanda na kushuka, ukiupima juu kabisa, mara inayofuata utaelekea kuwa chini. Wanaendelea na prednisoloni na methotreksati zao, tena safari hii wanazimeza bila kukosa kwa kuwa kuna mtu anahesabu vidonge. Wanaonwa na daktari mara kwa mara. Wanajifunza jinsi ya kufanya kile kipimo cha misuli. Na wana matumaini, ambayo yanagusa moja kwa moja dodoso na tathmini ya mgonjwa.

Rituksimabu, dawa nyingine ya kinga iliyojaribiwa kwa miositi, iliumizwa na mpangilio wa utafiti. Wagonjwa 200 walipewa wote dawa hiyo, kundi moja likaanza mapema na lingine wiki 8 baadaye. Mwishowe 83% walifikia nafuu iliyokusudiwa, lakini makundi hayakutofautiana, kwa hiyo utafiti kwa kipimo chake kikuu ulishindwa. Dawa inayochukua miezi kufanya kazi haiwezi kutenganishwa na wiki 8 za kusubiri. VALOR ilijifunza hapo: mwaka mzima, plasebo halisi, na ndani yake ratiba ya kupunguza prednisoloni. Hilo la mwisho ni la thamani. Mgonjwa wa dawa na wa plasebo wanaweza kupata alama sawa huku mmoja akiwa ameacha prednisoloni na mwingine bado anaimeza kila asubuhi, na kwa mifupa, sukari na macho yao hiyo si nafuu moja.

CK inayodanganya

CK hupanda kwa mambo mengi. Mazoezi mazito siku moja kabla, kupimwa umeme wa misuli, na sindano ya tako, kama ile ya diklofenaki anayochomwa mtu kwenye duka la dawa kwa sababu mgongo unauma, vyote vinaipandisha. Muulize mgonjwa kabla ya kutoa damu, na damu itolewe kabla ya kumchosha kwa vipimo vya nguvu. Tena, watu wenye asili ya Afrika wana CK ya kawaida iliyo juu kuliko Wazungu. Maabara ikitumia kikomo kilichopatikana Ulaya, mtu mwenye misuli mizima ataonekana mgonjwa, na aliyepona ataonekana hajapona.

Mtego mkubwa zaidi ni kwamba dawa za JAK zenyewe hupandisha CK kwa baadhi ya watu, hata wasio na ugonjwa wa misuli. Hii inajulikana tangu zilipoanza kutumika kwa baridi yabisi. Kwenye utafiti wa miositi, mgonjwa anakuja wiki ya 8, anainuka kwenye kiti bila kushika chochote, ngozi imetulia, lakini CK imepanda. Daktari asiyejua hili atasema ugonjwa umerudi, ataongeza prednisoloni, na mgonjwa atahesabiwa miongoni mwa walioshindwa. Kabla ya kuamua hivyo, linganisha na nguvu na vimeng'enya vingine, rudia kipimo baada ya wiki moja au mbili, na ikibidi piga MRI ya mapaja kuona kama kuna maji ya uvimbe ndani ya misuli.

Kinyume chake pia hutokea: CK ya kawaida, nguvu zinapungua. Hapo mshukiwa wa kwanza ni prednisoloni, ambayo kwa kipimo kikubwa cha muda mrefu hudhoofisha misuli ya mapaja bila kumwaga kimeng'enya.

Ngozi nyeusi

Ngozi hupimwa kwa orodha ya alama iitwayo CDASI, ambayo sehemu yake ya ugonjwa hai ni 0 hadi 100 na imejengwa sana juu ya wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kama zambarau iliyokoza, kahawia au kijivu, na mpimaji aliyefundishwa kwa picha za ngozi nyeupe ataandika 0 au 1 pale panapostahili 2. Akianza na alama ndogo, mgonjwa hana pa kupungua. Kosa la upande wa pili ni kuchukua madoa meusi yanayobaki baada ya upele kupona na kuyahesabu kama upele hai. Madoa hayo ni kovu la rangi, na huchukua miezi kufifia hata dawa ikiwa imefanya kazi yote. Dawa yake ni mwanga wa mchana au taa ileile kila hudhurio, picha zenye kadi ya rangi pembeni, na kugusa: palipo hai huwa na magamba au uvimbe, doa tupu huwa laini.

Madhara, na kinachofuata

Katika miezi ya mwanzo hufuatiliwa chembe za damu, ini, na mafuta ya damu baada ya wiki 4 hadi 8. Mkanda wa jeshi ndio wa kutazamia zaidi. Malengelenge yakitokea upande mmoja wa mwili, dawa husimamishwa na tiba ya virusi huanza siku hiyohiyo. Tangu utafiti mkubwa wa tofasitinibu kwa wagonjwa wa baridi yabisi wenye miaka 50 na zaidi na hatari ya moyo, mamlaka za Marekani huweka onyo zito kwa dawa za JAK za kumeza za magonjwa haya ya uvimbe, kuhusu mshtuko wa moyo, kiharusi, damu kuganda, saratani na maambukizi makali. Mvutaji sigara aliyewahi kuganda damu mguuni ana hesabu tofauti kabisa na binti wa miaka 25, na fomu ya ridhaa iseme hivyo waziwazi.

Yote haya hayahamii kwa ndugu wa dermatomiositi, aina nyingine ya miositi iitwayo IBM, ambayo huwapata zaidi waliovuka miaka 45 na kula misuli ya mapaja na ya kukunja vidole. Huko dawa za kinga zimeshindwa mara kwa mara. Arimoklomoli, dawa ya kumeza, ilijaribiwa kwa wagonjwa wapatao 150 kwa miezi 20 na haikupunguza kasi ya kuzorota. Sirolimasi, miligramu 2 kwa siku kwa mwaka mmoja, ilijaribiwa Paris kwa wagonjwa 44. Kipimo kikuu, nguvu ya kunyoosha goti, hakikutofautiana na plasebo. Lakini umbali wa kutembea kwa dakika 6, hewa ya mapafu na mafuta yaliyoingia ndani ya misuli ya paja kwenye MRI vilikwenda vizuri kwa walioimeza. Kwa kanuni za sayansi utafiti huo ulishindwa, na ni sawa usemwe hivyo, kwa sababu ukichagua kipimo kilichokupendeza baada ya kuona majibu utapata ushindi kila siku. Ila ulitosha kuanzisha utafiti mkubwa zaidi unaoongozwa kutoka Australia.

Anayefikiria kujiunga na jaribio la namna hii, popote alipo, aulize mambo machache kabla ya kusaini. Uwezekano wa kuangukia plasebo ni kiasi gani, na kwa wiki ngapi? Ugonjwa ukizidi, dawa ya kuokoa hali ni ipi na nani anaamua? Prednisoloni itapunguzwa lini? Nauli na siku za kazi zinazopotea zinalipwa? Nchini Tanzania aombe kuona kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa, na cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au bodi inayotambuliwa. Kenya, cha Bodi ya Dawa na Sumu na cha kamati ya maadili. Na aulize kama baada ya wiki ya mwisho atapewa dawa yenyewe aendelee nayo, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani. Jibu liwe limeandikwa kwenye fomu.